Mababa wa Jangwani na Mwanzo wa Umonaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukitaja Mababa wa Jangwani, wengi hupata picha ya mzee mwenye ndevu ndefu, amekonda kwa mifungo, hataki kuonana na mtu. Maswali mengi yaliyokusanywa hapa yanatokana na picha hiyo. Tumeanza na yale ya msingi, kisha yanafuata yale yanayozua ubishi. Ukiona jibu fupi, huenda jambo lenyewe limeelezwa kwa kirefu chini ya swali jingine, nasi tumeonyesha lipi.

## Mambo ya msingi

Mababa wa Jangwani ni akina nani?

Ni Wakristo, wanaume kwa wanawake, ambao kuanzia mwishoni mwa karne ya 3 waliacha vijiji na miji ya Misri wakaenda kukaa jangwani ili wamtafute Mungu kwa sala, kufunga na kazi ya mikono. Kilele chao kilikuwa karne ya 4 na miaka ya mwanzo ya karne ya 5. Wengi walikuwa wakulima wa bonde la Nili waliozungumza Kikopti. Wachache walikuwa wasomi wa Kigiriki na Kilatini, kama Evagri kutoka Ponto, au Arseni aliyewahi kuishi katika jumba la kifalme huko Constantinople.

Mzee aliyekomaa aliitwa Abba, na mwanamke aliyekomaa aliitwa Amma. Hicho hakikuwa cheo cha kanisani, maana wengi wao hawakuwa mapadre wala mashemasi. Watu waliwaendea, wakaketi mbele yao, wakasema: "Abba, nipe neno." Aliyeombwa neno ndiye aliyekuwa baba.

Waliishi peke yao au pamoja?

Njia zilikuwa tatu, na zote zilianza karibu wakati mmoja. Wapo waliokaa peke yao kabisa, yaani wakaapweke, ambao mfano wao mkuu ni Antoni. Wapo waliokaa katika jumuiya yenye ukuta, kanuni na mkuu mmoja, kama walivyofanya watu wa Pakomi. Kati yao walikuwapo wale wa Nitria, Kellia na Sketi, makazi matatu ya jangwani (tazama "Nitria, Kellia na Sketi ni wapi?"): kila mmoja katika kijumba chake siku za juma, kisha wote pamoja kanisani Jumamosi na Jumapili. Semi nyingi tulizorithi zimetoka kwa hawa wa njia ya kati, na ndio tutakaokaa nao zaidi hapa.

Kwa nini jangwani, si mahali pengine?

Kwanza ni jiografia. Misri inayolimika ni ukanda mwembamba kandokando ya Nili. Maji yanapoishia ndipo jangwa linapoanza, na mtu aweza kusimama mguu mmoja kwenye ngano na mwingine kwenye mchanga. Aliyetaka kujitenga hakuhitaji safari ya miezi.

Pili, watu wa Misri walikwishazoea kukimbilia huko. Wakulima walioshindwa kodi na madeni waliacha mashamba wakatokomea. Wakristo nao walijificha huko wakati wa dhuluma za Kaisari Decius mwaka 250, na tena zile zilizoanza mwaka 303 chini ya Diocletian.

Tatu, Maandiko yenyewe yamejaa jangwa: Eliya, Yohane Mbatizaji, na Yesu mwenyewe siku arobaini. Kwa Wamisri wa wakati ule jangwa lilikuwa pia nchi ya makaburi na makao ya pepo. Kwenda huko ilikuwa kumfuata adui kwake.

Utasikia mara nyingi kwamba umonaki, yaani maisha haya ya kujitenga kwa ajili ya Mungu, ulizaliwa kwa sababu Kanisa lilitajirika baada ya Kaisari Konstantino kuwapa Wakristo uhuru mwaka 313, na watu wenye bidii wakachukia raha hiyo. Kuna ukweli kidogo humo, hasa kwa vizazi vilivyofuata. Lakini Antoni aliacha mali yake karibu mwaka 270, zaidi ya miaka arobaini kabla ya uhuru huo. Chanzo ni kirefu kuliko siasa za Konstantino.

Je, Antoni ndiye mmonaki wa kwanza?

Hapana, na habari zake zenyewe zinaonyesha hivyo. Alipoanza maisha haya alijifunza kwa mzee wa kijiji jirani aliyekuwa ameyaishi tangu ujana. Dada yake mdogo alimweka kwa wanawali waliokuwa wakiishi pamoja. Maana yake, kulikuwa na watu wa namna hii kabla yake, wakikaa pembezoni mwa vijiji. Upya wa Antoni ulikuwa kwenda mbali.

Jeromu, mtafsiri mashuhuri wa Biblia kwa Kilatini, aliandika kwamba hata jangwani Antoni alitanguliwa na Paulo wa Thebe, aliyelishwa na kunguru nusu mkate kila siku, na siku Antoni alipomtembelea kunguru akaleta mkate mzima. Ni simulizi tamu, na Wakopti, yaani Wakristo wa Kanisa la kale la Misri, wanamheshimu sana Paulo, ila wanahistoria hawaitegemei kama taarifa ya matukio.

Ushahidi wenye uzito wa pekee ni karatasi moja ya mafunjo ya Juni 324. Mkulima wa kijiji cha Karanis, Misri, aitwaye Isidoro anashtaki kwamba ng'ombe wa majirani waliharibu mimea yake. Alipomkamata ng'ombe mmoja ili ampeleke kijijini, wenye ng'ombe wakampiga kwa rungu. Wangemmaliza, anasema, kama wasingetokea Antonino shemasi na Isaka mmonaki kumwokoa. Hapo ndipo mmonaki anatajwa kwa mara ya kwanza katika hati ya serikali, na hayuko pangoni: anapita njiani na shemasi, anaamua ugomvi wa ng'ombe. Isidoro wala haoni haja ya kueleza mmonaki ni mtu gani. Kila mtu Karanis alijua.

Antoni alikuwa nani hasa?

Alizaliwa karibu mwaka 251 katika kijiji cha Misri ya kati, kwa wazazi Wakristo wenye ardhi. Walifariki yeye akiwa na miaka kama 18 au 20, wakamwachia dada mdogo wa kumlea. Miezi michache baadaye aliingia kanisani, akasikia Injili ikisomwa: "Ukitaka kuwa mkamilifu, enenda ukauze ulivyo navyo, uwape maskini." Akaona ameambiwa yeye. Mashamba aliwapa wanakijiji, vitu vingine akauza akawapa maskini, akiba kidogo akamwekea dada yake. Siku nyingine akasikia "msisumbukie ya kesho," akatoa hata ile akiba, akamkabidhi dada kwa wanawali tuliowataja.

Alikaa kwanza karibu na kijiji, halafu kwenye makaburi, kisha miaka kama 20 ndani ya ngome iliyoachwa ng'ambo ya Nili. Mikate ililetwa mara mbili kwa mwaka na kupitishwa juu ya paa. Alipotoka, karibu mwaka 305, watu walishangaa kwamba hakunenepa kwa kukaa wala hakudhoofika kwa kufunga. Mwaka 311 alishuka Aleksandria kuwatia moyo Wakristo waliofungwa. Baadaye alihamia mlima ulio karibu na Bahari ya Shamu, akafa huko mwaka 356 akiwa, kwa hesabu ya wafuasi wake, na miaka 105. Aliagiza azikwe mahali pasipojulikana, watu wasije wakaufanyia mwili wake makuu.

Umaarufu wake ulienezwa na Atanasi, askofu wa Aleksandria, aliyeandika maisha yake muda mfupi baada ya kifo hicho. Kitabu kikatafsiriwa kwa Kilatini, kikasomwa hadi Ulaya, na Augustino anakiri jinsi habari za Antoni zilivyomtikisa kabla ya kuongoka. Atanasi anamchora Antoni kama mtu asiyesoma. Lakini zipo barua saba za Antoni zinazoonyesha akili pana na mafundisho mazito, kwa hiyo tusimdharau mkulima huyu.

Na Pakomi?

Pakomi hakuzaliwa Mkristo. Akiwa kijana, karibu mwaka 312, alikamatwa kwa nguvu kuingizwa jeshini, akafungiwa Thebe pamoja na vijana wenzake. Usiku watu wasiowajua wakawaletea chakula na maneno ya faraja. Akauliza ni akina nani, akaambiwa ni Wakristo. Aliahidi kwamba akitoka salama atawatumikia watu. Alipoachiwa alibatizwa, akakaa chini ya mzee Palamoni, kisha akaanzisha jumuiya ya Tabennisi, katika miaka ya 320.

Kwa nini jumuiya? Kwa sababu mtu akikaa peke yake, atamwosha nani miguu? Watu wa Pakomi waligawanywa kwa nyumba kufuatana na kazi: waokaji, washonaji, wasuka mikeka, wahudumu wa wagonjwa. Kila aliyeingia ilimpasa ajifunze kusoma, apende asipende, na akariri sehemu za Zaburi na Agano Jipya. Pakomi alikufa mwaka 346 katika tauni iliyoua wengi wa ndugu zake, akiacha monasteri tisa za wanaume na nyumba za wanawake. Kanuni yake Jeromu aliitafsiri kwa Kilatini mwaka 404.

## Maisha ya kila siku

Nitria, Kellia na Sketi ni wapi?

Zote ziko magharibi ya Delta ya Nili. Nitria ilianzishwa na Amun karibu mwaka 330. Amun alikuwa mtu wa ndoa, aliyeishi na mkewe kama kaka na dada miaka 18 kabla hawajatengana kwa hiari. Nitria ilipojaa, alianzisha Kellia ndani zaidi ya jangwa, karibu mwaka 338, kwa ushauri wa Antoni. Sketi, leo Wadi Natrun, ndiyo iliyokuwa mbali na kali zaidi, na mwanzilishi wake ni Makari wa Misri, ambaye ujanani aliendesha ngamia wa kubeba magadi.

Mwandishi Paladi, mmonaki aliyeishi huko miaka kadhaa, anasema Nitria ilikuwa na wamonaki 5,000 na Kellia 600. Hesabu za zamani huwa na chumvi, ila hazikuwa jumuiya ndogo: Nitria peke yake ilikuwa na tanuri saba za mikate. Mgeni alikaribishwa juma zima bila kufanya kazi, na akitaka kuendelea kukaa, hata miaka miwili, alipewa kazi bustanini, kwenye tanuri au jikoni. Kanisani palikuwa na mitende mitatu, na kila mtende umetundikwa kiboko: kimoja cha wamonaki wakosaji, kimoja cha wezi, kimoja cha wageni waliovunja adabu. Paladi anayataja mambo haya yote kwa pamoja, ukarimu na viboko, bila kuona aibu.

Walikula nini?

Mkate mkavu, hasa. Uliokwa mwingi kwa mara moja, ukakaushwa ukakaa miezi, na siku ya kuliwa ukaloweshwa katika maji yenye chumvi. Kiasi cha kawaida Sketi kilikuwa mikate miwili midogo kwa siku, ambayo kwa pamoja haifiki nusu kilo. Waliongeza mboga, dengu, zeituni au mafuta kidogo. Divai iliwagawanya: wengine waliinywa kidogo siku za ibada, wengine hawakuigusa.

Walikula mara moja, saa tisa alasiri. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kugeuza saa hiyo, kwani wao pia walihesabu kuanzia mapambazuko kama sisi.

Lakini mgeni akija, mfungo ulivunjwa. Yohane Kasiano, mmonaki aliyekwenda kujifunza kwa wazee wa Misri, anasimulia jinsi yeye na mwenzake walivyopokewa na mzee aliyewaandalia chakula mchana. Walipomuuliza kwa nini hakushika mfungo, akajibu: kufunga ninako siku zote, lakini ninyi siwezi kuwa nanyi siku zote, na ndani yenu nampokea Kristo.

Walijipatiaje riziki?

Kwa mikono yao, na hili walilisimamia sana. Kazi kuu ilikuwa ya majani ya mtende. Waliyaloweka majini yalainike, wakayachana, wakasuka kamba na ukili, wakashona vikapu na mikeka. Faida ya kazi hiyo ni kwamba mikono ikishazoea, kichwa kinabaki huru kwa Zaburi. Vikapu viliuzwa vijijini, na bei aliyotaja mnunuzi mara nyingi waliipokea bila kubishana. Wakati wa mavuno walishuka Delta kufanya kibarua cha kuvuna ngano, wakalipwa ngano. Walichobakiza kilikwenda kwa maskini na wafungwa.

Kasiano anamtaja mzee Paulo aliyeishi mbali mno na soko. Nauli ya kupeleka vikapu ingezidi bei yake. Aliendelea kusuka kila siku, na mwisho wa mwaka pango likijaa, akavichoma vyote akaanza upya. Wengi wanaona ni upotevu. Kwake kazi ilikuwa sehemu ya sala, iwe imeuzika au haikuuzika.

Yupo pia Yohane Mfupi, ambaye ujanani alimwambia kaka yake kwamba anataka kuwa kama malaika, wasiofanya kazi bali humwabudu Mungu tu. Akavua joho akaenda jangwani. Baada ya juma akarudi akabisha hodi. "Nani?" "Ni mimi Yohane, ndugu yako." "Yohane amekuwa malaika, hayupo tena kwa watu." Akamwacha nje mpaka asubuhi, ndipo akamfungulia akamwambia: wewe ni mtu, ukitaka kula lazima ufanye kazi. Yohane akapiga magoti akaomba msamaha, na baadaye akawa mmoja wa wazee wakubwa wa Sketi.

Walisali vipi?

Kwa Zaburi, ambazo wengi walizijua kwa moyo. Zilikuwapo sala mbili kuu za siku, jioni na usiku wa manane kuelekea alfajiri, Zaburi kumi na mbili kila mara, mmoja akiimba na wengine wakisikiliza wameketi huku wakisuka. Baada ya kila Zaburi walisimama kimya, kisha wakasujudu kidogo.

Katikati ya hapo walikuwa na sala fupi za kurudiarudia. Iliyosifiwa zaidi ni mstari wa Zaburi ya 70: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Wazee walimweleza Kasiano kwamba mstari huo unatosha kwa kila hali, mtu awe na njaa, hasira, usingizi au furaha. Mstari huohuo ndio unaofungua Sala ya Kanisa katika nyumba za kitawa hadi leo.

## Mafundisho yao

Mbona mafundisho yao ni mafupi hivyo?

Kwa sababu yalikuwa dawa ya mtu mmoja, si mahubiri. Mzee alimtazama aliyekuja akampa neno linalomfaa yeye, na mwingine aliyekuja na swali hilohilo angeweza kupewa neno jingine. Ndiyo maana semi hizi zinapingana ukizisoma kwa mfululizo. Zilihifadhiwa mdomoni, kisha zikakusanywa kwa maandishi katika karne ya 5 na ya 6, hasa Palestina, baada ya Sketi kuvamiwa na makabila ya jangwani kuanzia mwaka 407 na wazee kutawanyika.

Neno maarufu kuliko yote ni la Abba Musa: "Nenda ukae katika kijumba chako, nacho kijumba chako kitakufundisha yote."

Musa huyo ndiye yule aliyekuwa jambazi?

Ndiye. Musa Mwethiopia alikuwa mtumwa aliyefukuzwa na bwana wake, akawa kiongozi wa genge la wanyang'anyi, mtu mkubwa wa mwili na mwenye nguvu. Alipotubu alikuwa mmonaki wa Sketi, baadaye padre. Aliuawa katika uvamizi uliotajwa hapo juu, akikataa kukimbia: aliyeishi kwa upanga, alisema, alikuwa akiingoja siku hiyo.

Kisa chake kimoja kinabeba, kwa maoni yangu, moyo wote wa jangwa. Ndugu mmoja Sketi alikosa, likaitwa baraza limhukumu. Musa hakwenda. Padre akatuma mtu: "Njoo, watu wanakungoja." Musa akainuka, akachukua mtungi unaovuja, akaujaza maji, akaubeba mgongoni. Wazee wakatoka kumlaki, wakaona maji yanatiririka nyuma yake mchangani. "Baba, nini hii?" Akajibu: "Dhambi zangu zinamwagika nyuma yangu wala sizioni, nami leo naja kuhukumu makosa ya mwingine." Wakanyamaza. Yule ndugu wakamsamehe.

Mambo ya kufunga na kukesha yalikuwa mengi, lakini wazee walipima ukomavu kwa hili: unamtendeaje aliyekosa? Makari aliporudi akamkuta mwizi anapakia vitu vya kijumba chake juu ya mnyama, alijifanya mpita njia, akamsaidia kupakia, akamsindikiza kwa amani.

Ni kweli kwamba vichwa saba vya dhambi vimetoka jangwani?

Mizizi yake, ndiyo. Evagri wa Ponto, aliyefika Misri karibu mwaka 383 na kufa Kellia mwaka 399, alipanga mawazo mabaya yanayomsumbua mmonaki kuwa manane: ulafi, tamaa ya mwili, kupenda fedha, huzuni, hasira, uvivu wa roho, kutafuta sifa na kiburi. Kasiano akayapeleka Ulaya, na Papa Gregori Mkuu mwishoni mwa karne ya 6 akayapanga upya kuwa saba, ambayo ndiyo mababu zetu walikaririshwa katika katekisimu.

Angalia kwamba Evagri anasema mawazo, si matendo. Wazo likija, alifundisha, si juu yetu kulizuia lisije, lakini ni juu yetu kama litakaa au halitakaa.

Maelezo yake ya uvivu wa roho hayajapitwa na wakati. Unamjia mmonaki kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane. Jua linaonekana limesimama, siku ina saa hamsini. Anachungulia dirishani, anatoka kupima jua limebakiza kiasi gani kufika saa tisa ya chakula, anaangalia huku na huku kama kuna ndugu anakuja. Kisha anaanza kupachukia mahali alipo na kazi ya mikono yake. Anaona upendo umekwisha kwa ndugu zake, na akikumbuka aliyemuudhi majuzi, chuki inaongezeka. Anakumbuka nyumbani. Anaanza kufikiri kwamba mahali pengine pangempendeza Mungu zaidi, kwani Mungu si yuko kila mahali? Dawa ya Evagri ni kutoondoka saa ile. Tazama pia malaika wa Antoni, katika swali linalofuata.

Na zile vita na mapepo?

Picha za wachoraji wa Ulaya zimekuza jambo hili, lakini lipo kweli: Atanasi anasimulia Antoni akipigwa na pepo makaburini hadi kuzimia. Wao wenyewe hawakutenganisha sana pepo na wazo baya. Kwa Evagri, pepo hushambulia kwa njia ya wazo. Na Antoni anawafundisha wanafunzi wake kwamba pepo ni dhaifu, wanatisha kwa kelele tu.

Mara nyingi jibu la vita hivyo lilikuwa la kawaida kabisa. Antoni alipochoka moyo akamlilia Mungu, alitoka nje akamwona mtu anayefanana naye: ameketi anasuka kamba, anainuka anasali, anaketi tena anasuka. Alikuwa malaika. Akamwambia: "Fanya hivi nawe utaokoka."

Je, wanawake walikuwapo?

Tena tangu mapema, kama habari za dada yake Antoni zinavyothibitisha (tazama "Je, Antoni ndiye mmonaki wa kwanza?"). Jumuiya ya wanawake ya Pakomi iliongozwa na dada yake, Maria. Kati ya wazee ambao semi zao zimehifadhiwa wamo Amma Sara, Amma Teodora na Amma Sinkletika.

Sinkletika alitoka familia tajiri ya Aleksandria. Wazazi walipofariki aligawa mali, akahamia kaburini nje ya mji pamoja na dada yake kipofu, na wanawake wakamfuata kujifunza. Alisema wapo wengi wakaao milimani wanaotenda kama watu wa mjini, nao wanapotea. Na yawezekana kuwa mpweke moyoni ukiishi kati ya wengi. Sara aliishi kando ya mto miaka 60. Wazee wawili walipokuja kumjaribu wakisema asijivune kwamba wakaapweke wanamwendea yeye mwanamke, aliwajibu: kwa maumbile mimi ni mwanamke, si kwa fikra.

## Maswali yenye ubishi

Biblia inaagiza umonaki?

Haiagizi, na wazee hawakudai hivyo. Walisimamia Mathayo 19:21, ushauri wa Paulo katika 1 Wakorintho 7, na Wakristo wa Matendo 4 waliokuwa na vitu vyote shirika. Walielewa kwamba ni njia mojawapo. Antoni mwenyewe alifunuliwa kwamba mjini yupo mtu aliye sawa naye: tabibu, ambaye ziada yake yote huwapa maskini na kila siku huimba pamoja na malaika sifa za Mungu Mtakatifu.

Je, hawakuwa wakijitesa?

Wapo waliovuka mpaka, na wazee waliwakemea. Antoni alisema wako waliochakaza miili yao kwa kufunga, lakini kwa kukosa busara wamekuwa mbali na Mungu. Mwindaji mmoja alikwazika kumwona Antoni akistarehe na ndugu. Antoni akamwambia avute upinde wake, kisha auvute zaidi, na zaidi. Mwindaji akasema utavunjika. Ndivyo ilivyo kwa ndugu pia, akajibu Antoni.

Kuhusu Simeoni aliyeishi juu ya nguzo zaidi ya miaka 30: huyo ni wa Syria, karibu na Aleppo, alifariki mwaka 459. Syria ilikuwa na njia zake, kali kuliko za Misri. Watu wasichanganye hizi mbili.

Je, wamonaki walihusika na ghasia za Aleksandria?

Ndiyo, baadhi yao, na tusifiche. Mwaka 415 wamonaki kama 500 wa Nitria waliingia mjini kumtetea askofu Sirili katika ugomvi wake na liwali Orestes, na mmoja wao, Amonio, akampasua liwali kichwa kwa jiwe. Mwaka huohuo mwanafalsafa Hypatia aliuawa na kundi la Wakristo wa mjini. Mwanahistoria Sokrate wa Constantinople, aliyeishi wakati ule, anamtaja msomaji wa kanisa kama kiongozi wa kundi hilo, na anaandika kwamba tendo hilo liliwaletea aibu kubwa askofu na Kanisa lake. Waliokwenda na mawe walikuwa wamekiacha kijumba ambacho Musa aliwaambia wakae.

Walikuwa Wakatoliki au Waorthodoksi?

Waliishi kabla ya Mtaguso wa Kalsedonia (mkutano mkuu wa maaskofu) wa mwaka 451, uliolitenga Kanisa la Kikopti na Makanisa ya Constantinople na Roma. Kwa hiyo ni wa wote. Antoni anaadhimishwa tarehe 17 Januari na Wakatoliki na Waorthodoksi wa Mashariki. Wakopti humwadhimisha siku chache baadaye, kwa kalenda yao.

## Urithi wao leo

Afrika Mashariki ina uhusiano wowote nao?

Upo, kwa njia ndefu. Kasiano alitoka Misri akafika Marseille karibu mwaka 415, akaandika aliyoyasikia kwa wazee. Benedikto wa Nursia, katika karne ya 6, aliagiza katika Kanuni yake kwamba ndugu wasomewe maandishi ya Kasiano jioni kabla ya kulala. Wafuasi wa Kanuni hiyo, Wabenedikto wa St. Ottilien huko Ujerumani, walifika pwani ya Tanzania ya leo mwaka 1888, wakaanzisha monasteri za Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Hanga na Mvimwa zilifuata, zikiwa na wamonaki Waafrika. Njia nyingine ilipita Ethiopia, ambako umonaki uliota mizizi zamani sana, na hadi leo monasteri ya Debre Damo hupandwa kwa kamba. Wakopti nao wana kanisa Kenya tangu miaka ya 1970.

Naweza kwenda kuzitembelea monasteri za kale?

Unaweza. Wadi Natrun iko kama kilomita 100 kutoka Cairo kwenye barabara ya jangwani iendayo Aleksandria, na monasteri nne bado zina wamonaki: ya Mtakatifu Makari, ya Bishoi, ya Wasyria na ya Baramus. Ile ya Makari ilikuwa imebaki na wazee wachache ilipohuishwa kuanzia mwaka 1969. Monasteri za Antoni na Paulo ziko upande wa Bahari ya Shamu. Kellia haina wakazi. Vijumba vyake vya matofali ya udongo, kila kimoja na chumba cha sala chenye shubaka upande wa mashariki, vilichimbuliwa na wataalamu katika karne ya 20, na sehemu kubwa imemezwa na mashamba.

Vaa nguo za heshima, zinazofunika mabega na magoti. Uliza kabla ya kwenda, kwa kuwa wakati wa mifungo mirefu ya Kikopti baadhi ya monasteri hazipokei wageni. Ukikaribishwa chai na mkate, pokea.